Kwenda Mteremko, Kurudi Mlima

Asubuhi ile mafundi walikuwa wamemaliza kutandika zulia jipya ofisini kwangu, na harufu yake ilikuwa bado imejaa chumba kizima. Nimefika miji mingi, lakini pua yangu haijapata kutenganisha harufu ya zulia jipya na fleti yetu ya Temple Hills, Maryland, mahali nilipokulia. Nilikuwa nimesimama mlangoni, viatu mkononi, nikiivuta ile harufu, simu ikalia. Alikuwa Mjomba Khalfan, kutoka London. Nikamwamkia, akaitikia.

"Kaka yangu ametutoka alfajiri," akasema. "Nikatie tiketi, mwanangu. Ile ya mlima."

Kijana wangu wa mapokezi alisikia neno la mwisho tu, akageuza kiti. "Bosi, mteja anataka Kilimanjaro?"

Nikamwambia hapana, anataka Copenhagen. Akanitazama, akatazama ramani ya dunia iliyo ukutani, akarudisha kiti chake mezani.

Nieleze kwanza mimi ni nani, maana anayezungumzia safari za ndege lazima ajulikane amezijulia wapi. Ofisi hii ya tiketi ni yangu, si ya mume wala ya urithi. Stashahada ya mambo ya usafiri iliyotundikwa nyuma ya meza yangu niliisomea huko huko Maryland, jioni, baada ya kushinda nimesimama katika duka la viatu kule Rockville. Wenzangu wengi waliosema watarudi nyumbani hadi leo bado wanasema. Mimi nilirudi. Hapa Unguja sasa, mtu akitaka kwenda Ulaya bila kuhangaika anaelekezwa kwangu, na ukinitajia mji wowote na mwenzake ninaweza kukwambia ndege itachukua muda gani kabla sijagusa kompyuta. Kazi hii niliianza nikiwa darasa la tatu. Safari ya kwanza niliyoipima niliikosea, na hata hivyo sijapanga nyingine iliyofanikiwa kama ile.

Tulikuwa watatu katika fleti ile: mimi, mama yangu na Bibi, mama yake mama. Mama alikuwa akitunza wazee katika nyumba moja ya kulelea wazee huko Rockville, ng'ambo ya pili ya jiji. Alfajiri, kabla magari hayajaamka, gari lake bovu lilimfikisha mara moja. Kurudi jioni kulikuwa jambo jingine. Beltway, barabara kuu inayolizunguka jiji la Washington, ilikuwa inafungamana, magari yanasogea kama watu kwenye msiba, na mama alifika nyumbani ameshavua viatu tangu ndani ya gari. Kwa hiyo nilikua nikijua kwamba njia moja inaweza kuwa na urefu wa namna mbili. Kwetu hili halikuhitaji kuthibitishwa. Hata barabara ya mbele ya jengo letu ilikuwa hivyo: kuteremka kwenda kituo cha basi mtu alikwenda akiimba, kupanda na mifuko ya dukani alihema.

Bibi alikaa siku nzima kwenye kochi la dirishani, miguu juu ya kigoda, kanga begani hata wakati wa kiangazi kwa sababu ya kiyoyozi. Aliniita mke mwenzangu, kama mabibi wa kwetu wanavyowatania wajukuu wao wa kike. "Njoo hapa, mke mwenzangu, uniwashie simu." Mimi nilimjibu Kiingereza, kama watoto wote wa pale, naye alinitazama kana kwamba sijasema kitu mpaka nirudie kwa Kiswahili.

Wa rika langu mtazikumbuka zile kadi za simu za kukwangua. Unakwangua kwa kucha, unabonyeza tarakimu nyingi kuliko za simu yenyewe, halafu anatokea mwanamke wa ndani ya waya kukueleza muda uliobaki. Kazi hiyo ilikuwa yangu. Bibi alikuwa na watoto wa kiume wawili, mmoja kila upande wa Bahari ya Kaskazini. Mjomba Nassor, mkubwa, alikuwa mpishi wa hospitali Copenhagen. Mjomba Khalfan, mdogo, alikuwa fundi wa mafriji London. Tuliwapigia mmoja baada ya mwingine, na Bibi hakuniruhusu kubonyeza kabla hajatazama nje na kufikiri. "Ngoja. Nassor huko keshaswali magharibi, Khalfan bado. Leo tuanze na Nassor." Mimi niliona hayo ni maneno ya kizee tu.

Nilichokijua vizuri ni kwamba mjomba mmoja hakutajwa mbele ya mwingine. Nikimwambia Mjomba Nassor kwamba Mjomba Khalfan anamsalimu, jambo ambalo mara nyingine nililizua mwenyewe, alijibu, "Enhe. Na skuli vipi?"

Sababu nilielezwa na mama tukikunja nguo. Babu alipofariki Unguja, Mjomba Khalfan alikuwa kule likizoni. Babu alikata roho alasiri. Mjomba Nassor akapata ndege ya usiku ule ule, akapiga simu kuomba asubiriwe, kesho yake alasiri angekuwa ametua. Lakini kwetu maiti haikai. Wazee wa mtaa walimtazama Khalfan, kwa sababu ndiye mtoto wa kiume aliyekuwepo, na Khalfan akasema tuzike. Wakazika adhuhuri. Mjomba Nassor alikuja makaburini moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege na sanduku lake, akakuta udongo bado ni mbichi na watu wamekwishatawanyika. Alisimama pale, akageuka, akalala kwa rafiki. Tangu hapo hakumsemesha mdogo wake.

"Basi si mmoja amfuate mwenzake?" nikauliza.

"Nani?" mama akasema. "Mkubwa hamfuati mdogo. Na mdogo anasema hakukosa, alifuata dini. Shika hiyo shuka vizuri."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa mpaka moyo wa Bibi ulipoanza kumsumbua. Daktari alisema apasuliwe, na mapema. Bibi alimsikiliza hadi mwisho, mama akimfasiria, kisha akasema hatopasuliwa.

Jirani yetu wa chini, nesi Mkenya tuliyemwita Mama Kamau, ndiye aliyetuleta nyumbani kutoka hospitali siku ile. Alikuwa akiendesha huku anamgeukia Bibi hata mama akashika mlango kwa hofu.

"Shosho, hebu nisikize. Hii operesheni wanafanya kila siku. Unalala, unaamka, umepona. Unaogopa nini?"

"Siogopi kisu, mwanangu."

"Sasa ni nini?"

"Siingii pale na wanangu hawasemezani. Nikitoka, alhamdulillahi. Nisipotoka, watakutana wapi tena? Kwenye kaburi langu? Na lile nalo atawahi mmoja, mwingine atachelewa."

Mama Kamau aliwasha redio, akaizima.

Usiku wa siku ile mama alimwambia Bibi atawaita wote wawili waje Washington. Bibi akakataa. Wakija kwake, alisema, watakaa chumba kimoja kwa ajili yake, na akifumba macho watatawanyika. Alitaka mmoja amfuate mwenzake kwake, agonge mlango, afunguliwe, ale chakula cha nyumba ile. Hapo ndipo atakapoingia hospitali. Mama alilia kwa hasira, akaenda jikoni kusugua sufuria iliyokuwa safi.

Mimi nililichukua jambo hili kama tatizo la usafiri, na sijabadilika. Nilidhani watu wazima hawajui tu jinsi ya kufika. Kesho yake baada ya skuli nilikwenda maktaba, nikapanga foleni ya kompyuta, nikaandika jina la mji wa kwanza na la mji wa pili. Ramani ilinionyesha miji yenyewe iko karibu kiasi cha kufunikwa yote miwili kwa dole gumba. Kisha nikatafuta ndege. Kutoka Copenhagen inaondoka saa mbili asubuhi, inafika London saa tatu. Kutoka London inaondoka saa mbili asubuhi, inafika Copenhagen saa tano.

Nilirudia mara kadhaa. Nikajaribu ndege za mchana, za jioni. Zote zilisema hivyo hivyo. Kwenda London ni saa moja. Kwenda Copenhagen ni saa tatu. Sikushangaa sana. Nilimfikiria mama na Rockville, nikaifikiria barabara ya mbele ya jengo letu, na kila kitu kikakaa mahali pake: Copenhagen iko juu na London iko chini. Ndiyo maana Mjomba Khalfan hajaenda. Ni mlima.

Leo mtoto wa mteja akiniuliza swali hilo nitamjibu bila kupepesa macho. Kila ndege inaandikiwa saa ya mji inakotoka na saa ya mji inakofika, na saa ya Copenhagen iko mbele ya London kwa saa moja. Ndege yenyewe inakwenda kama saa mbili tu, upande wowote. Inaposhuka London saa inarudishwa nyuma, safari inaonekana fupi. Inaporudi, saa inasogezwa mbele, inaonekana ndefu. Lakini wakati ule hakuna aliyenieleza, na mimi sikuwa mtoto wa kungoja kuelezwa.

Nilipanda barabara mbio. Bibi alikuwa nusu usingizini. Nikamwambia yote, kwa Kiswahili safari hii, bila kulazimishwa. Alifungua macho, akasikiliza, akaniambia nirudie. Nikarudia, mkono mmoja ukiwa juu kwa Copenhagen, mwingine chini kwa London.

"Saa moja kuja, saa tatu kwenda," akasema.

"Ndiyo, Bibi. Ni mteremko na mlima."

Alinitazama muda mrefu. Nilidhani anastaajabia elimu yangu. Kisha akasema, "Kalete kadi, mke mwenzangu. Na umwite mama yako akae hapa."

Mjomba Nassor alipokea simu akiwa anatafuna. Tulimweka kwenye spika, simu juu ya kigoda, sisi watatu tumeizunguka. Salamu zilichukua muda wake. Afya, kazi, baridi. Kisha Bibi akasema:

"Nassor, nataka uende kwa ndugu yako."

Akaacha kutafuna. "Mama, mimi ni mkubwa wake."

"Najua. Nimewazaa mimi."

"Basi yeye ndiye wa kuja. Aje, nitamfungulia. Sijasema sitamfungulia."

"Hawezi. Kwake ni mlima."

"Mlima gani tena?"

"Mwana wa dada yako ametazama ndege. Wewe kwenda kwake ni saa moja. Yeye kuja kwako ni saa tatu. Kwako mteremko, kwake mlima. Mweleze mjomba wako."

Nikainama karibu na simu, nikamweleza. Nilitaja saa zote, nilikuwa nimezihifadhi. Mama alianza kusema, "Lakini mama, hiyo ni sababu ya..." na Bibi akamwekea kiganja juu ya goti. Niliona alichokifanya Bibi, nikadhani anamzuia mama asinikatize nikizungumza.

Mwanamke wa kadi akaingia kutukumbusha muda uliobaki, akaondoka.

"Nani anamfundisha hesabu mtoto huyu?" Mjomba Nassor akauliza hatimaye.

"Mwenyewe tu," nikasema.

Akatoa sauti ambayo sikuweza kujua ni kicheko au kikohozi. Bibi akaendelea, hakupandisha sauti wala hakuishusha.

"Sikwambii uende kwa sababu umekosa, na sikwambii kwa sababu yeye ni bora. Mkubwa hamfuati mdogo, nalijua hilo, nililelewa nalo. Lakini mwenye njia nyepesi ndiye anayekwenda. Hata hapa mtaani ni hivyo."

"Mama. Nilikuwa hewani. Nilikuwa hewani, naye anamfukia baba yangu."

"Wewe ulikuwa hewani. Mimi nilikuwa nimefungiwa chumbani, nimewekwa eda, sisemi na mtu. Dada yako alikuwa huku. Unajua nani alishuka kaburini kumpokea baba yako? Khalfan. Kwenye shimo lile kulikuwa na nafasi ya wanangu wawili, akashuka yeye na jirani. Aliporudi alikuja akakaa nje ya mlango wangu na udongo magotini mpaka magharibi. Hakuniambia neno. Wewe umekasirika kwamba hukuwepo. Umepata kumuuliza yeye kuwepo kulikuwaje?"

Kadi ikaisha hapo. Mwanamke wa ndani ya waya hakuaga, hakuwa na desturi hiyo. Nikasema nina kadi nyingine, nikaanza kuikwangua, Bibi akanishika mkono.

"Acha. Imetosha."

Siku zilizofuata Bibi alikaa dirishani kama kawaida. Mama alimpigia daktari kuomba nafasi ile isipewe mtu mwingine, akaambiwa itashikwa kwa muda lakini si milele. Mama Kamau alipanda kila jioni kumpima Bibi presha, na kila jioni alishuka uso umekunjamana. Hakuna aliyenilaumu wala kunisifu. Nilirudi maktaba kuangalia kama saa zimebadilika. Zilikuwa zile zile, na hilo lilinipa moyo.

Kisha Jumapili moja simu ikalia yenyewe, bila kadi, bila sisi kupiga. Nilipokea mimi. Nilisikia sauti ya Mjomba Khalfan, na nyuma yake vyombo vinagongana, na mtu mwingine anasema wali huu umeutia maji mengi, ndivyo unavyopikia wanao? Sauti hiyo niliijua. Ilikuwa sauti ya Copenhagen, haikuwa sauti ya kutoka London.

Nikaiweka simu juu ya kigoda, nikabonyeza spika. Bibi hakuuliza ni nani.

"Nassor," akasema. "Njia ilikuwaje?"

"Mteremko, mama," akajibu. "Saa moja tu. Kama alivyosema mtoto."

Mama aligeukia dirisha. Mjomba Khalfan akaichukua simu, akatania.

"Na mimi nitamsindikiza kurudi, mama. Ule mlima mtu mzima huyu hawezi kuupanda peke yake."

Bibi alivuta kanga mpaka usoni, akakaa hivyo. Baadaye alimwambia mama ampigie daktari. Alipasuliwa, akapona, akaishi kunitania mpaka nikamaliza skuli ya sekondari, na akazikwa huko huko Maryland, wanawe wote wawili wakiwa wamewahi, wamesimama bega kwa bega.

Nilikuwa darasani, mwaka wangu wa kwanza wa stashahada, mwalimu akichora ubaoni mistari ya majira inayogawa saa za dunia, nilipoelewa kosa langu. Wenzangu waliandika. Mimi niliweka kalamu chini. Lakini kilichonigusa hakikuwa kosa langu. Nilimkumbuka Bibi akitazama nje kabla ya simu: Nassor keshaswali, Khalfan bado. Mwanamke aliyejua, kila siku ya maisha yake ya ugenini, ni mtoto wake yupi ameshaingia magharibi na yupi bado, alijua kabisa ile saa moja inatoka wapi. Hakuhitaji niipime. Alihitaji tu sababu ambayo mwanawe mkubwa angeweza kuishika mkononi akaondoka nayo nyumbani bila kuona haya, na mimi nikaingia mlangoni nikihema, nimeileta. Na Mjomba Nassor, aliyeruka angani saa mbili nzima, alijua anachoulizwa alipoulizwa njia ilikuwaje.

Tangu nifungue ofisi hii hakuna mwingine aliyewakatia tiketi ndugu wale wawili. Walitembeleana kila mwaka, kwa zamu, na katika familia yetu hakuna aliyesema Copenhagen au London. Tulisema mlima na mteremko. Nimewafundisha vijana wangu wa kazi mambo mengi, na wanajua hawatapata mwalimu kama mimi kisiwani hapa, lakini hilo sikuwahi kuwafundisha.

Nilimtafutia Mjomba Khalfan nafasi asubuhi ile ile, ndege ya kwanza iliyokuwa na kiti. Nikampigia mtoto wa marehemu, binamu yangu, kumpa saa ya kufika. Nilitaka kumuuliza kuhusu maziko, nikaona tabu kuuliza. Yeye akanitangulia.

"Mwambie asikimbie uwanjani, ana magoti mabaya," akasema. "Baba aliacha neno. Hatuziki mpaka ami afike."

Jioni nilibaki ofisini peke yangu, miguu mitupu juu ya zulia jipya. Kwenye kompyuta safari yake ilikuwa imeandikwa kama ilivyoandikwa maktaba ya Temple Hills: kutoka, kufika, na katikati yake saa tatu. Sikuzipunguza kichwani. Niliziacha zipite zote.

Kisha simu ikaniletea ujumbe wa Mjomba Khalfan: "Nimepanda, nimefika. Walinisubiri. Kesho kaburini nashuka naye mimi."